Masikio na Moyo wa Punda: Utambaji wa Ngano na Suala la Usikivu katika Mafunzo ya Jamii, Kaptembwo

1. Utangulizi

Ni kauli iliyozoeleka katika uhakiki wa fasihi simulizi kwamba ngano hufunza. Kauli hiyo hupatikana katika kurasa za mwanzo za vitabu vingi vya kiada na katika utangulizi wa tasnifu nyingi, ambapo dhima za ngano huorodheshwa: kuburudisha, kuelimisha, kuadilisha, kuhifadhi historia na utamaduni wa jamii. Orodha yenyewe haina kosa. Udhaifu wake ni kwamba hutaja matokeo bila kueleza utaratibu. Haielezi ni kipengele gani cha ngano kinachomfanya msikilizaji atege sikio, wala ni wakati gani usikivu huo hugeuka kuwa maarifa, wala ni kwa nini ngano ileile humfunza mmoja na kumpita mwingine.

Maswali haya sasa yamevuka mipaka ya idara za fasihi. Wakufunzi wa afya, wa kilimo, wa vyama vya ushirika na wa biashara ndogondogo wametambua kwamba hadhira inayosinzia mbele ya chati na takwimu huamka inaposikia hadithi. Katika semina na warsha nyingi hadithi imekuwa kifaa cha kazi, sawa na ubao na karatasi za kubandika ukutani. Hali hii ingetarajiwa kuwafurahisha wataalamu wa fasihi simulizi. Hata hivyo, matumizi hayo yamekuja bila nadharia ya ngano, na mara nyingi huazima hadithi huku yakiuacha nyuma uhusiano wa fanani na hadhira unaoipa hadithi uhai wake.

Makala haya yanachunguza suala hilo kwa kuzingatia Kaptembwo, mtaa wa watu wa kipato cha chini ulio magharibi mwa jiji la Nakuru, ambako kuanzia mwaka 2012 yaliendeshwa mafunzo ya usafi wa vyoo kwa mbinu ambayo, ingawa haikujiita utambaji, ilisimama juu ya baadhi ya mihimili yake. Kielelezo cha uchambuzi ni ngano moja ya Waswahili, Kisa cha Punda wa Dobi. Hoja inayotetewa ni kwamba ngano haimfunzi msikilizaji kwa sababu inavutia tu, bali kwa sababu inamwachia kazi ya kukamilisha maana, na inamwachia kazi hiyo bila kumvunjia heshima. Mafunzo yanayochukua mvuto wa ngano na kuyaacha mambo haya mawili huambulia usikivu wa muda mfupi.

2. Hadithi kama Chambo

Matumizi ya kawaida ya hadithi katika semina yana umbo linalotambulika kwa urahisi. Mkufunzi hufungua kikao kwa kisa kifupi, aghalabu cha kuchekesha au cha kuhuzunisha. Hadhira inapokwisha kutulia, kisa hufungwa kwa sentensi moja inayotaja funzo lake, kisha mkufunzi hugeukia mada aliyoijia. Katika mpangilio huu hadithi ni chambo na mada ni ndoana. Hadithi haina kazi nyingine baada ya samaki kunaswa, na hairejelewi tena mpaka mwisho wa kikao.

Kuna ushahidi wa kisaikolojia kwamba mpangilio huu unaweza kudhuru. Mwaka 1989 Garner, Gillingham na White walionyesha kwamba mambo ya kusisimua yanayopachikwa ndani ya matini bila kuhusiana na hoja yake kuu huwafanya wasomaji, wakubwa kwa watoto, wayakumbuke mambo hayo na kuisahau hoja. Chambo huliwa na ndoana ikaachwa majini. Mshiriki wa semina ataweza kukisimulia nyumbani kisa cha mkufunzi mwanzo hadi mwisho, na asiweze kueleza semina ilihusu nini.

Ushahidi wa upande wa pili ni wa kutia moyo zaidi, lakini lazima usomwe kwa makini. Katika jaribio mashuhuri la mwaka 1969, Bower na Clark waliwapa washiriki orodha 12 za maneno kumikumi yasiyohusiana. Kundi moja lilijifunza maneno hayo kwa njia yoyote lililoitaka. Kundi la pili liliambiwa litunge hadithi inayoyaunganisha. Baadaye kundi la watunzi lilikumbuka takriban asilimia 93 ya maneno, na lile jingine takriban asilimia 13. Matokeo haya hutajwa mara nyingi kuwa ni ushahidi kwamba hadithi husaidia kumbukumbu. Jambo linalosahaulika ni kwamba washiriki hao hawakusimuliwa hadithi na mtu. Walitunga wenyewe. Kilichowasaidia kilikuwa kazi ya kuunganisha, si burudani ya kusikiliza.

Tafiti hizi mbili, zikiwekwa sambamba, hurejesha mjadala mahali ambapo mtaalamu wa fasihi simulizi angetaka uanzie. Ngano haitambwi kwa hadhira iliyolala. Wito wa paukwa hudai jibu la pakawa, na fanani asiyejibiwa haendelei. Katika madarasa mengi ya Kenya wito wa hadithi hadithi huitikiwa na darasa zima. Fomyula hizi zimezoea kuitwa mianzo maalumu, kana kwamba kazi yake ni kuonyesha tu kwamba ngano inaanza. Kwa hakika ni mkataba. Hadhira hukubali kwa kauli yake yenyewe kuingia katika kazi, na mtambaji hupewa kibali cha kusema. Mkufunzi anayeanza kisa bila mkataba huo ameomba masikio ya watu bila kuwapa sauti.

3. Kisa cha Punda wa Dobi

Kisa cha Punda wa Dobi kilichapishwa na Edward Steere katika mkusanyo wake wa ngano za Zanzibar mwaka 1870. Kina asili ya mbali, kwani visa vya namna hii vinapatikana katika Panchatantra ya Bara Hindi, nacho ni ushahidi mmojawapo wa safari ndefu za fasihi katika Bahari ya Hindi. Kwa madhumuni ya makala haya, umuhimu wake ni kwamba ni ngano inayoonyesha ngano nyingine ikitumika kufunza.

Muhtasari wake ni huu. Kima anayeishi katika mkuyu ufukweni humtupia papa matunda, nao wanafanya urafiki. Siku moja papa anamwalika kima kwao na kumbeba mgongoni. Wakiwa katikati ya bahari anamfichulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba jamaa zake hawatembei na mioyo yao, huiacha mitini. Papa anamrudisha pwani aufuate moyo, na kima anaparamia mti asishuke tena. Papa anapomsihi, kima anamuuliza kama anamdhania kuwa ni punda wa dobi. Papa hakijui kisa hicho, anauliza, na kima anamsimulia.

Katika kisa cha ndani, punda wa dobi ametoroka na kunenepa msituni. Sungura anamrubuni aende kwa simba, ambaye ni mgonjwa. Simba anamrukia, punda anapigana naye na kukimbia. Baada ya muda sungura anamwendea tena, anamdanganya tena, naye anarudi na kuuawa. Simba anamwagiza sungura amwekee masikio na moyo. Sungura anavila yeye mwenyewe, na simba anapouliza, anaambiwa kwamba punda huyo hakuwa na masikio wala moyo. Kama angekuwa navyo, asingerudi mara ya pili. Simba anakubali kwamba hoja hiyo ni ya kweli. Hapo kima anaufunga urafiki.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba kima haanzi kusimulia hadi ameulizwa. Analitaja jina la punda wa dobi, ambalo kwa papa ni fumbo, na fumbo hilo linamlazimisha papa kuomba hadithi. Usikivu unatangulia masimulizi kwa sababu pengo la maarifa limefunguliwa kwanza. Hii ndiyo taharuki katika maana yake ya msingi: mtu husikiliza kwa kuwa kuna jambo analotaka kulijua, si kwa kuwa ametakiwa anyamaze.

La pili ni jozi ya masikio na moyo. Katika tajriba ya Waswahili moyo ni makao ya hisia na pia ya fahamu. Ndiyo maana mtu hukariri jambo kwa moyo na kulitia jambo moyoni. Ngano inavitaja viungo viwili kwa sababu inatofautisha hatua mbili za kujifunza. Punda alikuwa na masikio ya mwilini. Alimsikia sungura mara mbili. Aliyoyakosa ni masikio yanayopeleka habari moyoni, yaani uwezo wa kuunganisha tukio la kwanza na mwaliko wa pili. Kwa lugha ya mafunzo, punda alikuwa msikivu na hakujifunza. Semina inayohesabu mafanikio yake kwa idadi ya watu waliokaa kimya hadi mwisho inapima masikio peke yake.

La tatu ni uwongo wa sungura. Hoja yake ni ya kweli ilhali ushahidi wake umo tumboni mwake. Msikilizaji wa ngano anajua asichokijua simba, naye analazimika kushika mambo mawili kwa pamoja: kwamba funzo ni sahihi, na kwamba mfunzaji ni mwizi. Hapa ngano inawafunza hadhira kumhoji hata yule anayewapa maadili. Sifa hii hupotea kabisa mkufunzi anapofunga kisa kwa kutangaza kwamba funzo ni kutorudia kosa.

Kwa sababu hiyo, mahali pa kusimama ni pale simba anapouliza viko wapi masikio na moyo. Mtambaji akinyamaza hapo na kuliacha swali mikononi mwa hadhira, majibu yatakayotolewa yatamwonyesha jinsi washiriki wanavyofikiri kuliko dodoso lolote. Akiendelea hadi mwisho na kuongeza maelezo, amekula masikio na moyo wa hadhira yake kama sungura.

4. Kaptembwo: Utambaji Usiojiita Utambaji

Nakuru ilipata hadhi ya jiji mwezi Desemba 2021, lakini matatizo ya makazi ya mitaa yake ya magharibi ni ya zamani kuliko hadhi hiyo. Kaptembwo na jirani yake Rhonda ni mitaa ya ploti, yaani safu za vyumba vya kupangisha zinazozunguka ua mmoja, ambamo familia nyingi hutumia vyoo vichache vya shimo. Kuanzia mwaka 2012 mashirika ya Practical Action na Umande Trust yaliendesha katika mitaa hiyo miwili mradi wa usafi uliotumia mbinu ya usafi kamili unaoongozwa na jamii. Mbinu yenyewe ilibuniwa na Kamal Kar nchini Bangladesh katika kipindi cha 1999 na 2000, ikaingia Kenya mwaka 2007 kupitia vijiji. Kaptembwo na Rhonda zilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo ambako ilijaribiwa mjini.

Mhakiki wa fasihi simulizi akiusoma mwongozo wa mbinu hii, uliotolewa na Kar pamoja na Robert Chambers mwaka 2008, atautambua kuwa ni maelekezo ya utendaji. Kikao cha kuamsha jamii hakianzi kwa mafunzo. Mwezeshaji anakatazwa kuhubiri, kushauri au kutoa suluhisho. Wakazi huchora ramani ya mahali pao ardhini, hutembea pamoja kwenda pale penye uchafu, na hukadiria wenyewe kiasi cha kinyesi kinachozalishwa. Kisha hufuata tendo la glasi ya maji. Mwezeshaji hutoa glasi ya maji safi na kuuliza nani atakunywa, na watu hukubali. Huchukua unywele, akaugusisha kwenye kinyesi, akautumbukiza katika maji, akauliza tena. Hakuna anayekubali. Hapo anauliza nzi ana miguu mingapi.

Tendo hili lina muundo wa ngano kwa ukamilifu. Lina hali ya mwanzo iliyotulia, kitendo kinachoivuruga, marudio ya swali lilelile katika hali mpya, na kilele kinachotolewa kwa njia ya swali ambalo jibu lake, miguu sita, halina maana mpaka msikilizaji aliunganishe na unywele mmoja na chakula chake cha jana. Mwezeshaji haitamki sentensi inayofuata. Hadhira ndiyo inayoitamka. Kwa istilahi za makala haya, pengo la maarifa limefunguliwa kabla ya maelezo, na kazi ya kuunganisha imeachiwa msikilizaji. Mbinu ya kima na ya mwezeshaji ni moja.

Suala la msamiati nalo ni la kifasihi. Mwongozo unamtaka mwezeshaji atumie neno la kawaida lisilopambwa. Kiswahili kina ngazi kadhaa za kulitaja jambo hili: haja kubwa, choo, kinyesi, mavi. Neno choo peke yake hutaja mahali na pia kilichowekwa mahali hapo, na kwa hiyo huficha tofauti ambayo mafunzo yanataka ionekane. Neno mavi halifichi kitu. Lakini katika mtaa ambamo mama mkwe, mpangaji, mzee wa kanisa na mtoto husimama katika duara moja, kulitamka hadharani ni kuvunja mwiko, na aliyelitamka amejipa mamlaka ambayo katika ngano hupewa sungura au mtoto mdogo, wahusika wanaoruhusiwa kusema yasiyosemeka. Mwezeshaji asiyejua kwamba amevaa sura ya mhusika huyo atadhani ujasiri wake ni wa kitaalamu, ilhali ni wa kifasihi.

5. Fedheha na Mtu wa Tatu

Hapa ndipo tofauti kati ya mbinu hii na ngano inapojitokeza, na tofauti hiyo si ndogo. Kikao cha kuamsha jamii kinategemea kwa makusudi karaha na fedheha. Wakosoaji wa mbinu hiyo katika nchi mbalimbali wamelaumu jinsi fedheha hiyo inavyoweza kuwaangukia maskini zaidi. Ngano pia hutumia fedheha, lakini huielekeza kwa mtu wa tatu. Punda ndiye mjinga, fisi ndiye mlafi. Msikilizaji hucheka, na kicheko hicho humpa nafasi ya kujitazama kwa faragha. Anayejifunza kwa ngano hujua peke yake kwamba yeye ndiye punda, na hapo heshima yake mbele ya majirani inabaki salama.

Heshima hiyo si pambo katika mtaa kama Kaptembwo. Wakazi wake wametoka katika jamii nyingi: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Nakuru ililipuka mwishoni mwa Januari 2008, na Kaptembwo ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoathirika vibaya. Mahali ambapo watu wamewahi kutengwa kwa majina na lugha zao, kumnyooshea kidole jirani hadharani kwa sababu ya choo chake si jambo la usafi pekee. Fumbo lina kazi ya amani.

Tamthilia za redio zimelielewa jambo hili. Twende na Wakati, iliyoanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, ilimweka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njiani, awe mfano wa mwenendo wa kuepukwa hadi alipokufa kwa UKIMWI. Dodoma haikupokea matangazo hayo hadi 1995, na kwa hiyo watafiti waliweza kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa na Everett Rogers, Peter Vaughan na wenzao mwaka 1999 yalionyesha kwamba mchezo huo ulichangia mabadiliko katika upangaji uzazi, na kwamba njia mojawapo ya mabadiliko hayo ilikuwa mazungumzo ya wasikilizaji na wenzi wao na marafiki zao. Jambo la kusisitizwa ni hilo la mwisho. Mtu wa tatu huwapa wawili namna ya kuzungumza. Mke ambaye hangeweza kumuuliza mumewe kuhusu safari zake aliweza kumzungumzia Mkwaju. Kenya nayo ilikuwa na Ushikwapo Shikamana tangu miaka ya 1980, katika mkondo huohuo.

Inafuata kwamba hadithi ya mafunzo haimaliziki katika kikao. Kazi yake kubwa hufanyika uani baadaye, pale wapangaji wanapoisimulia upya kila mmoja kwa namna yake. Hadithi isiyosimulika, kwa kuwa ni ya aibu mno au imefungwa mno kwa funzo, haifiki uani.

6. Nani Yumo katika Hadhira?

Kuna kizuizi ambacho ustadi wa mtambaji hauwezi kukiondoa. Kijijini, mtu aliyeamshwa na kikao anaweza kurudi nyumbani na kuchimba shimo. Katika ploti, anayetumia choo si mwenye choo. Mpangaji hana ruhusa ya kuchimba, na mwenye nyumba huenda anaishi kwingine wala hakuhudhuria. Kumwamsha mpangaji pekee ni kumpa masikio na moyo kisha kumwacha mbele ya choo kilekile. Mradi wa Kaptembwo na Rhonda uliliona tatizo hili, ukawahusisha wenye nyumba na kutafuta njia za wao kupata mikopo ya kujenga vyoo bora. Hatua hiyo ilikuwa ya kiuchumi, lakini inaweza kuelezwa pia kwa istilahi za fasihi: hadhira iliyokamilika ni ile iliyo na mtu mwenye uwezo wa kutenda.

Shaaban Robert alilitambua jambo hili katika Kusadikika, riwaya iliyochapishwa mwaka 1951. Karama, akishitakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria, hajitetei kwa hoja za sheria. Anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa nchi za jirani na kuadhibiwa waliporudi na mafunzo mema. Masimulizi hayo yana mvuto, lakini mvuto peke yake usingemwokoa. Anayasema mbele ya mfalme na baraza lenye mamlaka ya kuwafungua waliofungwa, naye hawaambii kwamba wao ni wadhalimu. Anawaacha waione dhuluma katika hatima ya wajumbe. Angezisimulia hadithi hizohizo gerezani tu, wafungwa wangezikumbuka zote, na malango yangebaki yamefungwa.

Kwa kipimo hiki, mafunzo mengi yanayojivunia hadithi hutambwa gerezani. Huwakusanya wasio na uwezo, huwasisimua, huwahesabu, kisha huandika katika ripoti kwamba jamii imeelimika. Wizi wa sungura hapa hauko mbali.

7. Hadhira Mseto na Uteuzi wa Ngano

Yupo atakayesema kwamba mtaa wenye lugha nyingi hauna ngano ya pamoja, na kwamba mkufunzi hana budi kutumia visa vipya visivyo na kabila. Pingamizi hili linadharau kile ambacho wakazi tayari wanakijua. Zimwi la Waswahili ni irimu kwa Wakikuyu, eimu kwa Wakamba, chemosi kwa Wakalenjin na Apul Apul kwa Waluo. Majina na maumbo ni tofauti, lakini mlaji anayekuja katika sura ya mgeni mwema anafahamika na wote. Mkufunzi anayewauliza washiriki kila mmoja zimwi la kwao linaitwaje ameanzisha mkataba wa utambaji kwa lugha zote zilizomo chumbani, na Kiswahili kikafanya kazi yake ya kuwa ua la pamoja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ngano haibaki ilivyo. Frederic Bartlett, katika utafiti wake wa mwaka 1932, aliwapa wasomaji wa Kiingereza ngano ya Wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, na kila walipoikumbuka waliigeuza ikafanana na ulimwengu wao. Mitumbwi ikawa mashua, na yasiyoeleweka yakaachwa. Hali ni hiyo hiyo Kaptembwo. Kisa cha Punda wa Dobi, ambacho makala haya yamekisifu, humalizika kwa urafiki kuvunjika: kima na papa hawatapatana tena. Katika darasa la fasihi mwisho huo ni funzo la tahadhari. Katika ua ambamo majirani waliwahi kukimbiana mwaka 2008, unaweza kusikika kama ushauri wa kutomwamini asiye wa kwenu. Mtambaji hawezi kuizuia tafsiri hiyo kwa kutangaza nyingine. Anachoweza ni kuipa nafasi isemwe na ijibiwe palepale, na hilo linawezekana tu ikiwa hadhira imepewa sauti tangu mwanzo.

Kwa hiyo kuteua ngano ya mafunzo ni tendo la uhakiki. Kunahitaji kusoma muundo, wahusika na mwisho kwa kuzingatia mahali, historia na watu waliopo. Si kazi ya kufungua mkusanyo na kuchukua kisa kinachochekesha.

8. Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba usikivu unaoletwa na ngano una sharti zake. Hadhira iingie kwa mkataba. Pengo lifunguliwe kabla ya maelezo. Maana iachiwe wasikilizaji waikamilishe. Fedheha impate mtu wa tatu. Na miongoni mwa wanaosikia awepo anayeweza kutenda. Mafunzo ya usafi ya Kaptembwo yalitimiza sharti la pili na la tatu kwa ustadi ambao semina nyingi hazijaufikia, yakawa hatarini katika sharti la nne, na yakalazimika kulitafuta la tano nje ya kikao, kwa wenye nyumba na kwa wakopeshaji.

Kwa idara za fasihi, jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja. Wanafunzi wa shahada za juu hutumwa nyanjani kukusanya ngano, kuzinukuu na kuziainisha kwa aina na motifu. Ni wachache wanaotumwa kuchunguza kinachotendeka ngano inapoingia katika kliniki, chama cha akina mama, au karakana ya jua kali, na kurudi wiki kadhaa baadaye kusikiliza inasimuliwaje uani. Bila utafiti wa namna hiyo, kauli kwamba ngano hufunza itaendelea kurudiwa vitabuni na semina zitaendelea kununua chambo. Punda aliitwa mara mbili na hakuuliza kitu. Swali ambalo hadhira ya mafunzo inapaswa kufundishwa kuliuliza, na ambalo mkufunzi anapaswa kuwa tayari kulisikia, ni hili: ni nani anayetuita, na yeye atakula nini?